Bei ya RAM imepanda: uiongezee kompyuta yako kiasi gani?

Wenye maduka ya steshenari wa Titye, Kasulu mjini na Kibondo wanaujua msimu wao. Wanafunzi wakianza kuomba mikopo ya HESLB, au ajira za serikali zikitangazwa, foleni inafika nje, na siku hiyohiyo kompyuta inaganda. Fundi akiitwa anasema: ongeza RAM. Kiasi gani? Safari hii ukikosea utapoteza fedha nyingi kuliko zamani.

Sababu iko mbali na Kigoma. Sehemu kubwa ya RAM duniani hutengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Sasa viwanda vyao vinaelekezwa zaidi kwenye mitambo mikubwa ya akili mnemba, ile AI inayozungumzwa kila siku, kwa sababu wanunuzi wa huko wanalipa vizuri zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, biashara yake ya kuuzia RAM watu wa kawaida. Kufikia mwezi huo baadhi ya RAM za DDR5, aina mpya, ziliuzwa Marekani na Ulaya kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya Septemba. DDR4 nayo ilipanda.

RAM ni kama turubai la kuanikia maharage, na diski ni ghala. Turubai likiwa dogo, unashinda ukibeba vikapu kwenda na kurudi ghalani. Likitosha, kazi inakwenda. Lakini ukiwa na gunia moja la maharage, turubai la kufunika uwanja mzima halitakusaidia kitu.

Kwa hiyo kabla ya kupanda gari kwenda Kasulu, pima. Fungua kazi zote unazofanya siku ya foleni: kurasa za maombi, barua, skana. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na utazame asilimia zilizo juu ya maneno Memory na Disk. Memory ikizidi 85 wakati wote, RAM ni ndogo. Memory ikiwa 50 na Disk ikigota 100, tatizo ni diski ya zamani inayozunguka, na fedha hiyo ni bora ununue SSD. Tunaona hapa ndipo wengi wanapopoteza: mtu ananunua RAM, kompyuta inabaki kobe, analaumiwa fundi.

Ukikuta ni RAM kweli, maoni yetu ni haya. Kompyuta yenye GB 4 inayotumia Windows 10 hubakiwa na nafasi ndogo, kwa sababu Windows yenyewe na programu zinazojiwasha hula karibu nusu. Ifikishe GB 8. Kwa kuchapa, kujaza fomu, kutoa nakala na kutunza hesabu za duka au za AMCOS, GB 8 zinatosha. GB 16 mwachie anayehariri video au kubuni mabango makubwa. Shule inayotaka kuboresha kompyuta kumi itapata faida zaidi kuzifikisha zote GB 8 kuliko kuzipa tano GB 16.

Kuna jambo jingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za mtumba tulizonazo, kama Dell OptiPlex 790 au HP Compaq 8200, hazikidhi masharti ya Windows 11 hata uzijaze RAM kiasi gani, kwa sababu kinachokwamisha ni prosesa na vifaa vya usalama. Mashine ya namna hiyo usiitwike gharama kubwa. Linux Mint, ambayo ni ya bure, inaendeshwa vizuri na GB 4, ila hakikisha kwanza printa yako inakubaliana nayo.

Dukani, jihadhari na mambo mawili. Mashine hizo mbili tulizozitaja hutumia DDR3. DDR4 haiingii, mkato wake uko mahali pengine, na kuilazimisha ni kuvunja. Nenda na RAM yako ya zamani mkononi ili muuzaji ailinganishe. Pili, kama Windows yako ni ya biti 32, haitumii zaidi ya GB 4, hata uweke 8. Itabidi fundi aweke ya biti 64 kwanza, na kabla ya hapo hifadhi mafaili yako kwenye flashi.

RAM ya mtumba si mbaya, na mara nyingi ndiyo inayopatikana kwa mashine za DDR3. Ichomekwe mbele yako, kompyuta iwashwe, mfungue kazi zote tena na kutazama kama GB zinasoma sawasawa. Ndipo ulipe.