Kadafi haiko adui. Moto njo adui



Kila mtu katika mji huu anamujua kadafi. Ni ule kijana wa kando ya barabara, chupa za esansi juu ya meza ya mbao, bidoni za manjano nyuma yake. Siku hizi hata haulazimike kumufuata. Umeme ukikatika unapiga simu, na motari anakuletea bidoni ya litre 20 mpaka ndani ya lupango. Anamimina ndani ya grupu kwa chupa iliyokatwa, mara nyingine grupu yenyewe ingali moto. Unalipa, anaenda kwa mteja mwengine.

Hiyo kazi inatusaidia, tusidanganyane. Lakini nani anaichunga juu ya moto? Hakuna.

Tunaishi ndani ya mji wa mbao. Katika kartie zetu nyingi nyumba zimeshikana, na gari ya wazima-moto haiwezi kupita kati yazo, hata kama ingekuwa tayari. Mvuke wa esansi hauonekane. Ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini mpaka unakuta mbabula ya jirani. Na ukimwaga maji juu ya esansi inayowaka, inaelea juu ya maji na moto unasafiri nayo.

Tumekwisha kulipa bei ya hiyo. Mwezi wa kwanza 2002, siku chache nyuma ya Nyiragongo kumwaga lava ndani ya mji, stasio moja ililipuka hapa Goma wakati watu walikuwa wanachota mafuta. Makumi ya watu walikufa. Tarehe 2/7/2010, huko Sange, lori la mafuta lilipinduka. Wengine walikuja kuchota, wengine walikuwa hapo karibu wanaangalia Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 200 walikufa. Tarehe 6/10/2018, huko Mbuba, Kongo Central, lori lingine, makumi wengine. Kila mara tulizika, wakubwa walitoa pole, na tulirudilia maisha sawa vile hakuna kitu kilichotokea.

Leta inajua dawa mbili tu. Ya kwanza ni kufukuza: wanakuja, wanapakia bidoni za vijana, na nyuma ya wiki moja kadafi amerudi palepale. Ya pili ni kukamata franka kidogo kila asubuhi na kufunga macho. Dawa zote mbili hazizime hata kijiti kimoja cha kiberiti.

Kuna sheria ya hidrokarbure ya 2015, namba 15/012. Ni nzuri kwa wenye stasio na madepo. Lakini kijana mwenye bidoni mbili hatajenga stasio kesho. Kati yao kuna wenye diploma. Mmoja tulikaa naye bancs moja ya iniversite. Leo anauza esansi, mimi ningali natembeza CV. Kumwambia « acha » bila kumupa kazi ingine ni kumutuma auze usiku, kwa kujificha, na tochi ya simu. Hapo hatari inaongezeka.

Kwa hiyo tunaomba kanuni ndogo, zenye kila mtu anaweza kufuata:

1. Kila muuzaji aandikishwe na apewe namba, bila kulipishwa kila siku.
2. Bidoni ya esansi iwe na kifuniko kinachofunga vizuri, na isiwe ile ya mafuta ya kupikia.
3. Motari asibebe abiria pamoja na esansi, wala zaidi ya bidoni mbili.
4. Kumimina ndani ya grupu kufanyike inje, grupu imezimwa na imepoa, mbali na mbabula, mshumaa na sigara.
5. Kila meza iwe na ndoo ya mchanga. Mchanga hapa haukosekane, volkeno ilitupatia.
6. Hakuna kuuza karibu na masomo, hospitali wala soko.

Na yule anayekusanya taksi aonyeshe mashini za kuzima moto zenye alinunua na hiyo franka. Swali hilo ni la kila mwenye kushika mji, leo ao kesho.

Lakini na sisi wateja tujiangalie. Nani anaweka bidoni chini ya kitanda? Nani anamupigia motari saa tano ya usiku na kumwambia « mimina haraka »? Nani anavuta sigara kwenye meza ya kadafi? Ni sisi. Kanuni ya kwanza haingojee sahihi ya mtu: zima grupu, ngojea ipoe, ndipo umimine.

Tutapeleka hizi kanuni kwa barua, bila jiwe na bila fimbo, na tunaomba wauzaji wenyewe watembee pamoja nasi. Wanajua esansi kuliko ofisi yoyote, na njo wa kwanza kuungua.

Hatutaki tena kuhesabu maiti ndipo tuanze kuhesabu bidoni.