MPIRA WA KANYAGIO SI PAMBO



Sisi wa relwe hapa Changamwe tuendeshao malori twalijua jambo hili, lakini mkutanoni hatulisemi. Kanyagio la breki huvikwa mpira wenye matuta ili mguu ushike. Mpira ukilika, hubaki chuma kitupu king'aacho kama sahani. Mtu atoka karakana na viatu vya grisi, au mvua ya Mei imemlowesha, akanyaga, na mguu wateleza. Pale Likoni maji yakipwa, njia ya kuingilia feri huwa mteremko mkali. Mguu ukiteleza hapo, mbele ni bahari.

Twaomba mpira, twaambiwa tungoje. Basi twakata kipande cha tairi kuukuu, twakifunga kwa waya, kama akala. Hii si dawa. Waya hukatika, kipande kikaanguka chini ya kanyagio, na breki isishuke. Hata ile mipira minene ya dukani, laini kama godoro, isipobana vizuri ni hatari ile ile.

Ajali ikitokea huandikwa "uzembe wa dereva". Nani aliyetazama kanyagio?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atunze vyombo vya kazi viwe salama, na mfanyakazi aonaye hatari amwarifu msimamizi wake. Basi tuandike kwa karatasi, namba ya gari na tarehe, nakala kwa mwakilishi wa chama. Na waya zetu tuzifungue leo.