Muuza Vitabu si Muuza Sabuni

Katika maduka mengi ya vitabu ya miji yetu hapa Uganda, mteja akiomba kitabu cha Kiswahili huulizwa swali moja tu: "Cha darasa gani?" Akijibu kwamba hana darasa, ila ataka hadithi nzuri ya kusoma baada ya kazi, hutazamwa kana kwamba ameomba chumvi katika duka la viatu. Rafu ya Kiswahili imejaa kamusi, vitabu vya sarufi na miongozo ya mitihani. Riwaya zilizopo ni zile zinazotahiniwa. Diwani za mashairi ni adimu. Sisi tunaoifundisha lugha hii twasema wazi kwamba hali hiyo inaidhuru.

Tukumbuke jinsi Kiswahili kilivyoingia katika mambo ya nchi hii. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza kitumike katika elimu na utawala, na wakuu wa Buganda wakapinga. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kila mara kimekuja kwa tangazo. Na baina ya tangazo na tangazo, raia wengi walikisikia vinywani mwa askari, kikiamrisha. Je, lugha iliyoogopwa hivyo itapendwa kwa amri nyingine? La hasha! Lugha hupendwa pale mtu anapocheka nayo, anapolia nayo, anapokosa usingizi kwa kutaka kujua ni nani aliyeua. Kazi hiyo hufanywa na hadithi na shairi; na kwa mtu aliyekwisha toka shuleni, mlango wa hadithi na shairi ni duka la vitabu.

Ndiyo maana twasema muuza vitabu hafanani na muuza sabuni. Kipande cha sabuni hakihitaji maelezo, lakini kitabu kipya hakijulikani mpaka mtu aliyekisoma aseme neno. Muuzaji anayestahili jina hilo humwuliza mteja apenda nini, kisha humpa kinachomfaa. Kijana apendaye upelelezi aanze na Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba, kisha aelekezwe kwa Ben Mtobwa. Mwenye kutaka riwaya ya karibuni aonyeshwe Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyoshinda tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Cornell. Mpenda mashairi apewe N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani au Mwanangu Rudi Nyumbani ya Dotto Rangimoto, diwani mbili zilizopata tuzo hiyohiyo. Mwenye meno ya kutafuna mifupa apewe Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi, ila aambiwe mapema kwamba hatakuta hadithi iliyonyooka. Na aliyesikia kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aletewe Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022.

Wauzaji watajibu kwamba wanunuzi wa vitabu hivyo hawapo. Hoja hii imewekwa kichwa chini miguu juu. Nani atanunua kitabu asichokiona, ambacho hakuna aliyemwambia habari zake? Watasema pia kwamba vitabu hutoka Dar es Salaam na Nairobi, na nauli hupandisha bei. Hilo ni kweli, nasi hatulidharau. Lakini hatuwaombi walete makasha. Nakala tatu za riwaya moja, zikipendekezwa na mtu aliyeisoma, zitaondoka upesi kuliko nakala thelathini zilizowekwa kimya.

Wapo pia wenzetu walimu wasaidiao madhara haya. Hao husema kwamba upelelezi na mapenzi ni takataka, na kwamba muuzaji akiyapendekeza anawapotosha vijana. Tuwaulize: ni msomaji gani aliyeanza na kilele cha mlima? Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, ni hadithi ya upelelezi, na leo nani anathubutu kuitoa katika historia ya riwaya yetu? Anayemnyima kijana kitabu chepesi hamwongozi kwenye kizito. Humrudisha kwenye magazeti ya Kiingereza.

Jambo lililo kubwa zaidi ni hili. Pale ambapo vitabu vya shule tu ndivyo viuzwavyo, mchapishaji hutazama orodha ya mtihani kabla ya kutazama mswada. Mwandishi naye hujifunza upesi. Hufupisha sura, huondoa kisa kitakachowachukiza wakaguzi, na humalizia kwa funzo lililo tayari kunakiliwa katika karatasi ya majibu. Hivyo duka lisilopendekeza kitu hupunguza wasomaji wa leo na huharibu vitabu vya kesho. Fasihi inayoandikiwa mtahini hufa siku mtahini anapobadili orodha.

Basi twawataka wauza vitabu mambo matatu. Kwanza, waisome bidhaa yao, na mtu asisifie asichokisoma kwa kuwa tu kimebaki kingi ghalani. Pili, watenge rafu moja ya Kiswahili isiyotajwa darasa, yenye riwaya, hadithi fupi, tamthilia na mashairi bega kwa bega. Tatu, wabandike chini ya kila kitabu kipya kikaratasi chenye sentensi mbili: kinahusu nini, na kinamfaa nani.

Nasi walimu tusibaki kulalama. Kila mmoja wetu, mshahara utokapo, aende dukani na kuuliza kwa sauti kitabu kisichomo katika orodha ya mtihani. Akiambiwa hakipo, akiagize, na arudi kukilipia.