Feza ya mwisho wa kazi: imani gani inaisimamisha, imani gani inaiangusha?

Tangu Februari 2025, habari ya kobalti haitoki mu midomo ya watu wa Kolwezi, Fungurume na Likasi. Serikali ilisimamisha kwanza kuuzisha kobalti inje ya inchi, kisha tangu 16 Oktoba 2025 ikaweka kipimo: kwa mwaka 2026 na 2027, inchi nzima isipitishe tani 96.600 kwa mwaka. Kinshasa inataka bei ipande, na inchi yenye kutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia iko na haki ya kujaribu. Lakini mu cité swali ni lingine: kama kampuni inapunguza watu, tutakula nini? Jibu tunalosikia kila fasi, kwa wakubwa wa serikali, kwa bachef wa kampuni, hata mu makanisa, ni moja: «Mufungue biashara zenu.»

Shauri hilo si baya. Ila watu wawili wanapokea feza sawasawa siku moja, mmoja anasimama, mwingine anaanguka mbele ya mwaka kuisha. Kwa nini? Wakubwa wanasema: «Ni mambo ya kichwa.» Majirani wanasema: «Ni ulozi.» Yule aliyeanguka anasema: «Sikukuwa na mutu wa kunishika mukono.» Kila jibu kati ya hayo matatu ni imani, na kila imani inaongoza mukono wa mtu wakati anahesabu feza yake. Inafaa tuzipime, moja moja.

Kazi njo baba, njo mama

Katanga ilikwisha kupita mu mtihani huu. Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka mu miaka ya 1980. Mu mwanzo wa miaka ya 2000 ilikuwa imeshuka hata chini ya tani 30.000. Mu 2003, kwa feza ya Banque mondiale, wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka kwa njia iliyoitwa «départs volontaires». Wengi walinunua taksi, mashini ya kusaga mahindi, ao walifungua kaduka mbele ya nyumba. Wengine walikwenda ku mashamba. Kisha miaka michache, wengi walibaki mikono mitupu.

Wazee wetu walikuwa na usemi: kazi njo baba, njo mama. Haukuwa wimbo tu. Tangu Union Minière, iliyozaliwa mu 1906, mpaka Gécamines, kampuni ilitoa nyumba, masomo, hospitali, hata unga wa bukari. Mtu aliyeishi hivyo miaka 25 anajua ndani ya roho yake kama mwezi ukiisha, feza inarudi. Ukimupa feza ya miaka mingi kwa siku moja, anaikula kama mshahara. Hana ubaya, wala si mjinga: maisha yake yote yalimufundisha hivyo. Lakini biashara haina mwisho wa mwezi. Feza ya mtaji ukiila, hakuna mutu wa kuirudisha.

Hii ni imani ya kwanza, na ni kweli iliangusha wengi. Ila tusiseme nusu ya habari. Wale wa 2003 walikuwa wamepitisha miezi mingi bila mshahara. Watoto walikuwa wamefukuzwa ku masomo, deni zilikuwa dukani na kwa majirani. Feza ilipofika, sehemu kubwa ilikwenda kulipa zamani, si kujenga kesho. Na tena: watu elfu kumi wakitoka mu kampuni moja, mu miji ile ile, wakanunua taksi na mashini ya kusaga karibu wakati mmoja, ni nani atapanda taksi zile zote? Ni nani ataleta mahindi, wakati majirani wenyewe wamekosa mshahara? Hapo hata mtu wa akili nyingi anaanguka. Kwa hiyo anayesema «ni kichwa tu» anasahau soko.

Ulozi na wivu

Imani ya pili tunaisema kwa sauti ndogo, lakini iko mu kila parcelle. Biashara ikiendelea, wanasema mwenyewe alitoa mtu kwa fetishi. Ikianguka, wanasema mjomba amefunga njia. Sitaki kuchekelea mtu juu ya mambo anayoogopa. Nataka paka tuangalie imani hii inafanya nini mu biashara.

Inafanya mambo matatu. Kwanza, inafunga macho. Mashini ya kusaga ikikufa mara tatu mu mwezi, mwenye kuamini ulozi anatafuta mganga ao muombaji. Haangalii kama kuran inapanda na kushuka na kuunguza moteri. Pili, inafanya mtu afiche. Haandiki hesabu, hasemi bei alinunulia, hafundishi mtoto wake kazi. Siku anapokufa, biashara inakufa naye. Tatu, inamukataza kukua: anaogopa kuongeza duka la pili ili wasimuone.

Lakini nyuma ya woga huu kuko jambo la kweli. Mu familia zetu, mwenye kupata ni wa wote. Matanga, mahari, masomo ya mtoto wa dada, dawa ya shangazi: vyote vinagonga mlango wake. Watu wanaita hasira ya kunyimwa «ulozi», lakini mzigo wenyewe unahesabika kwa franka. Na kinachohesabika kinaweza kupangwa. Kuko akina mama wa soko ambao walipata dawa tangu zamani: wanaingiza feza mu likelemba kila juma. Ndugu akija kuomba, mama anajibu bila kusema uongo: «Feza haiko hapa, iko mu likelemba.» Heshima inabaki, mtaji unabaki.

Kanisa

Imani ya tatu ni ya Mungu mwenyewe, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Nimeona watu ambao kanisa liliwasimamisha. Waliacha pombe, walijifunza kutunza neno, na wateja waliwaaminia feza bila karatasi. Mu inchi ambayo tribinali inachukua miaka kwa deni ndogo, kujulikana kama mutu wa kweli ni mtaji mkubwa. Imani inatoa pia uvumilivu: duka jipya mara nyingi halilipi mu miezi ya kwanza, na asiyekuwa na tumaini anafunga mapema.

Ila kuko mahubiri mengine yanayosema: leta feza yako ya mwisho wa kazi kama mbegu, Mungu atairudisha mara mia. Baba wa watoto sita anatoa, kisha anangoja. Imani hiyo ni ndugu ya ile ya «kazi njo baba, njo mama»: yote mbili inafundisha kungoja. Moja inangoja kampuni, ingine inangoja muujiza. Mchungaji wa kweli anaweza kusaidia kwa neno moja siku ya Mungu: mtaji si sadaka.

«Bila mukubwa, hauwezi»

Imani ya ine njo inayonihusu zaidi mu kazi ya sendika, sababu iko na msingi. Sheria ya 8 Februari 2017 inasema kazi za sous-traitance ni za kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Kuko hata ofisi ya serikali ya kuichunga, ARSP. Ku karatasi, fundi wa kusoudea aliyetoka mu kampuni anaweza kuunda kampuni yake ndogo na kuomba kontra. Lakini vijana wanasema: «Bila mukubwa, hauwezi.» Na kwa kuwa wanaamini hivyo, hawapeleki hata dosiye. Wengine wanauzisha jina lao tu: Mkongomani anaandikwa ku karatasi, mwingine anakula faida. Kwa njia hiyo imani inajijengea ushahidi. Wenye haki hawaombi, wenye hila wanapata, kisha tunasema: mmeona?

Hata hivyo, siwezi kuambia kijana «amini tu». Mwenye kampuni ndogo anayefanya kazi leo na kulipwa kisha miezi mitatu anaanguka hata akiwa na moyo wa simba, sababu wafanyakazi wake wanakula kila siku. Hapo dawa si maombi wala mafundisho, ni kulipwa kwa wakati.

Lomé inatufundisha nini

Mu Lomé, mji mkubwa wa Togo, watafiti pamoja na Banque mondiale walichukua wafanyabiashara wadogo 1.500 na kuwagawanya mara tatu. Wa kwanza walifundishwa mambo ya kawaida: hesabu, kuuzisha, karatasi. Wa pili walifundishwa namna ya kufikiri: kutangulia bila kungoja, kutafuta njia mpya, kusimama tena kisha kuanguka. Wa tatu hawakupewa kitu. Matokeo yalitolewa mu 2017: kisha miaka miwili, faida ya wale wa pili ilikuwa imepita ya wasiofundishwa kwa 30%. Wale wa hesabu walifika 11% tu, na tofauti hiyo ilikuwa ndogo sana kuhakikishwa. Kwa wanawake matunda yalikuwa makubwa zaidi.

Kumbe namna ya kufikiri inafanya kazi, na inaweza kufundishwa. Lakini angalieni: watu wa Lomé walikuwa tayari na biashara, na mwalimu aliwafuata ku fasi ya kazi. Mu 2003 Banque mondiale hiyo hiyo ililipia kuondoka kwa watu wetu, na wengi walirudi ku nyumba na bahasha, bila mtu wa kuwafuata kisha.

Kwa hiyo, kampuni inayopunguza watu ikisema «mukuwe wafanyabiashara», sendika ijibu kwa masharti. Mafundisho yatangulie feza, hata miezi mitatu, wakati mtu angali na mshahara. Mwenye kupenda apokee feza yake kwa sehemu, si kwa siku moja. Bibi wa mfanyakazi aingie mu mafundisho, sababu mara nyingi njo yeye atakayeshika duka. Na kontra za kwanza za kazi ndogo, kusoudea, kusafisha, kupika, zitolewe kwa kampuni za wale waliotoka, na zilipwe mbele ya siku 30.

Na wewe ndugu, mama, uliyepokea barua, usianze na taksi sababu jirani ana taksi. Andika ku kipande cha karatasi: deni zangu ni ngapi, chakula cha miezi sita ni ngapi, kinabaki ngapi. Kile kinachobaki njo mtaji, hata kama ni kidogo kuliko ulivyoota.