Kusoma Nje Si Lazima Ulaya, Sirari Iko Hapo Tu

Wasee wa chuo, swali moja. Mbona mtu akisikia kusoma nje muhula mmoja, akili inaruka Berlin moja kwa moja? Ukitoka steji ya Isebania unagongewa mhuri na uko Sirari, Tanzania. Wakuria wako pande zote mbili za mpaka, bana. Hiyo pia ni nje.

Na si wazo jipya. Kuanzia 1963 hadi 1970, Nairobi, Makerere na Dar es Salaam zilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Injinia alienda Nairobi, wa sheria akaenda Dar. Jaji Mkuu wetu wa zamani Willy Mutunga alisomea sheria huko Dar.

Sasa fikiria muhula mmoja Mwanza. Wikendi hii unapanda feri kwenda Ukerewe, ijayo unapitia Butiama kwa kaburi la Nyerere. Ukisota, unashika basi la Sirari na jioni uko kwa ugali wa mathe. Ukisota Berlin je? Utaposti tu picha za theluji na njaa hatuioni.

Shida yangu ni moja. Mwaka 2017 marais walitangaza Afrika Mashariki eneo moja la elimu ya juu. Mbona basi mwanafunzi bado anaogopa alama za Mwanza hazitahesabiwa chuoni kwake Kenya? Viongozi wa wanafunzi, mkimaliza kupanga sherehe ya mwisho wa mwaka, ulizieni na hiyo.