Vibao vya Nje: Somo Lililo Mlangoni mwa Shule

Katika shule moja ya msingi iliyo kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru palikuwa na kisima, na kisimani palikuwa na kibao. Mstari wa kwanza wa kibao hicho ulisema, kwa rangi nyeusi, MAJI YA KISIMA HIKI. Na wa pili, kwa rangi nyekundu, YASINYWE. Mimi ndiye niliyekiandika, na mimi ndiye niliyechagua nyekundu, nikidhani kwamba onyo likiwa jekundu litaonekana upesi. Baada ya masika mawili nyekundu ile ilikuwa imefifia hata haisomeki, ilhali nyeusi ilibaki kama nilivyoiandika. Asubuhi moja nilimkuta mtoto wa darasa la pili akinywa kwa viganja vyake. Nilipomgombeza alinionyesha kibao, akanisomea bila kosa hata moja yote yaliyokuwa yamebaki juu yake.

Yafaa niwaeleze walimu wenzangu walio mbali na Arusha kwa nini kibao kile kilikuwa na uzito kuliko vibao vingi. Mlima Meru ni volkano, na maji ya chemchemi na visima vingi vya Arumeru hupita katika miamba yake, yakatoka na floraidi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anywaye maji hayo katika miaka ambayo meno yake ya kudumu yanaumbika huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyoondoka kwa mswaki. Na akiendelea kuyanywa kwa miaka mingi penye floraidi nyingi sana, hata mifupa huweza kuharibika. Floraidi haina rangi wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi; bali maji yapunguapo kwa mvuke, floraidi hubaki chunguni na kukolea. Wageni wapitao kata ya Maji ya Chai hudhani kwamba hatari imo katika rangi ya mto ulioipa kata hiyo jina, kumbe kisima chenye maji maangavu chaweza kuwa kibaya zaidi. Huko Ngurdoto kipo kituo cha utafiti kilichojulikana kwa kazi yake ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Lakini mahali pasipo na chujio wala bomba la maji salama, mtoto hulindwa na neno lililoandikwa. Neno hilo likifutika, hakuna mlinzi mwingine.

Kwa hiyo nasema kwamba uchaguzi wa vifaa vya vibao vya nje usiachwe kuwa shughuli ya fundi rangi peke yake, wala usiamuliwe kwa bei ya dukani. Na uwe somo, tena somo la kujaribu kwa mikono. Vyuoni tumezoea kuwafundisha walimu-wanafunzi kutengeneza zana za ndani ya darasa: chati za manila, kadi za herufi, vielelezo vya ukutani. Sizibezi zana hizo. Lakini mwalimu aliyefundwa kwa manila tu hukichukulia kibao cha nje kana kwamba ni manila iliyotolewa uani, naye hushangaa kinapokufa.

Tuangalie jinsi kinavyokufa. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, karibu na mstari wa Ikweta, na jua lake huchoma rangi kuliko baridi ya asubuhi inavyotufanya tuamini. Kibao kielekeacho kaskazini hupigwa na jua la adhuhuri kuanzia Machi hadi mwisho wa Septemba. Kielekeacho kusini hupigwa miezi iliyosalia. Vielekeavyo mashariki na magharibi hupigwa kila siku, mwaka mzima. (Mwalimu wa Jiografia asiyeona hapo somo zima la mwendo wa jua sijui atalitafuta wapi.) Mara nyingi nyekundu na manjano za bei ndogo hutangulia kufifia, na nyeusi hudumu. Mabango ya siku hizi ya turubai la plastiki lililochapwa kwa mashine nayo yana ugonjwa huo huo: picha hubaki na sura ya samawati, kisha turubai lenyewe hukakamaa na kupasuka.

Mvua haiingilii usoni pa kibao kama tudhaniavyo; huingilia kingoni. Plaiwudi ya ndani ya nyumba hunyonya maji kwenye kingo na kwenye matundu ya misumari, gundi ikaachia, na tabaka zikafunuka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Ubao wa unga wa mbao uliobanwa huvimba na kumomonyoka. Fundi hupaka uso mara tatu, lakini mgongo na kingo huviacha vitupu, kwa sababu hakuna atakayevitazama. Mbao za misonobari ni rahisi kupatikana huku kwetu, nazo zafaa zikitiwa dawa na kupakwa rangi pande zote. Pasipo dawa, nguzo yake huliwa na mchwa pale inapoingia ardhini, na kibao kizima huanguka kikiwa bado kizuri. Mninga na mvule hustahimili zaidi, ila bei yake yafaa meza ya ofisini kuliko onyo la kisimani. Mtarakwa, uotao kwa asili upande mkavu wa mlima, ulisifika kwa nguzo zisizoguswa na mchwa, lakini miti iliyosalia msituni tuiache isimame.

Bati jembamba lisilopakwa zinki huanza kutu kwenye mkwaruzo wa kwanza. Lililopakwa zinki hudumu, mradi uso wake usafishwe mafuta na upakwe rangi ya msingi iliyo yake. Vinginevyo rangi hubambuka vipande vipande. Alumini haipati kutu hiyo nyekundu, lakini ina adui mwingine: mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimeona nguzo mbili zikiwa zimesimama wima pembezoni mwa barabara, zikitangaza hewa.

Sasa jaribio. Mwezi wa Februari, kabla ya masika, wanafunzi wakate vipande vya ukubwa mmoja vya vifaa vyote vipatikanavyo karibu na shule, waandike juu ya kila kimoja neno lile lile kwa rangi nyeusi, nyekundu na buluu, kisha wavitundike ukutani upande wa mashariki. Kipande kimoja cha kila aina kifungiwe kabatini, kiwe cha kulinganishia, maana jicho husahau jinsi nyekundu ilivyokuwa. Kila mwezi wasimame hatua ishirini na kuandika daftarini wanachoweza kusoma. Hapo wamejifunza kutazama, kupima na kuweka kumbukumbu, na hakuna hata chombo kimoja cha maabara kilichonunuliwa.

Hesabu nayo imo. Tuseme kibao kimoja kimegharimu shilingi 20,000 na kimedumu miaka miwili, na kingine shilingi 60,000 na kimedumu miaka kumi na miwili. Mwanafunzi wa darasa la tano ataona kwamba cha kwanza kilikula shilingi 10,000 kila mwaka, na cha pili 5,000. Kamati nyingi za shule hununua cha kwanza.

Wapo watakaosema mwaka mmoja hautoshi kupima kitu kitakiwacho kudumu miaka ishirini. Wana haki, mwaka huondoa vibovu tu. Kwa jaribio refu zaidi, wanafunzi wapelekwe makaburini, kwa adabu na kwa ruhusa, maana huko kila kibao kimeandikwa mwaka wake. Pale Tengeru yapo makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi waliofika kuanzia mwaka 1942. Hayo yametunzwa na kukarabatiwa, hivyo mwanafunzi hana budi kumwuliza mtunzaji ni kipi cha zamani na kipi kilichofanywa upya. Kuuliza hivyo ni sehemu ya sayansi.

Wengine watasema muhtasari umejaa. Sijapata kuona muhtasari usiojaa.

Kisima changu hakikupata alumini wala mninga. Mwashi wa jirani alitupa ndoo mbili za zege, nasi tukachonga herufi za mbao, tukazipaka mafuta na kuzipanga kinyume ndani ya fremu. S ilitusumbua sana. Zege lilipokauka, YASINYWE ilikuwa imezama ndani ya jiwe kwa kina cha kidole gumba. Tuliipaka nyeusi. Rangi hiyo nayo imekwisha kwenda zake, na watoto wa darasa la kwanza wasiojua bado kusoma vizuri hulisoma neno hilo kwa kupitisha vidole.