Shamba na Bustani: Miche ya Viungo Ilale Ndani

Mkulima wa Kinangop, Ol Kalou au Molo hahitaji kuelezwa sakitu ni kitu gani. Jioni huacha tuta lake la miche likiwa kijani kibichi, na asubuhi hukuta majani yamekuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto.

Hasara hiyo haihesabiwi kwa bei ya mbegu peke yake. Mrehani hutaka kama majuma sita tangu kusiwa hata kufaa kuhamishwa. Kwa hiyo mtu atakaye kupanda mvua za masika zianzapo hana budi kusia mbegu mwishoni mwa Januari au mwanzo wa Februari, yaani katika majira yenyewe ya sakitu. Miche ikifa, mbegu nyingine hununuliwa; lakini majuma yaliyopita hayauzwi dukani, wala mvua haimngojei mtu.

Wengi hudhani kwamba hatari kubwa iko mwezi wa Julai, kwa kuwa ndipo watu wavaapo makoti. Kumbe mawingu ya Julai ni kama blanketi. Huzuia joto la ardhi lisipotee upesi. Januari na Februari mchana huwa na jua kali, lakini usiku mara nyingi mbingu huwa safi, pasipo wingu wala upepo. Hapo joto la ardhi hupaa, na hewa ya baridi, iliyo nzito, huteremka na kukusanyika mabondeni. Ndiyo sababu shamba la bondeni huungua na la mteremkoni likasalimika. Mwezi wa Januari 2012 sakitu iliharibu chai nyingi upande wa Kericho.

Si viungo vyote vilivyo dhaifu sawasawa. Mrehani huanza kudhurika hata kabla ya sakitu, baridi ishukapo chini ya digrii 10 za sentigredi, na mchaichai nao hauivumilii sakitu. Dania, zaatari na rozimari iliyokomaa huvumilia sakitu nyepesi. Nanaa hunyauka juu, kisha huchipua tena kutoka mizizini. Basi mwenye nafasi ndogo nyumbani na aanze na mrehani, mchaichai, na vipandikizi vya rozimari visivyoshika mizizi bado.

Yafaa mbegu zisiwe katika masanduku mepesi au madebe yaliyokatwa, yenye matundu chini ya kutolea maji. Udongo mwema hupatikana kwa kuchanganya karai tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza kabisa, na moja ya mchanga. Jioni masanduku huingizwa ndani kabla jua halijatua. Asubuhi, sakitu ikiisha kuyeyuka, hutolewa nje. Miche ikiachwa gizani mchana kutwa hurefuka, ikawa myembamba na kuanguka. Isiwekwe karibu na moto, wala jiko la makaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya kuipasha joto: hewa yake ya sumu huua watu wakiwa usingizini, na hakuna mche wenye thamani ya roho ya mtu.

Maji yatiwe asubuhi, tena kwa kiasi. Udongo ukilowa daima ndani ya nyumba, miche huoza shingoni, hapo shina likutanapo na udongo, na sanduku zima huweza kulala kwa siku chache. Ugonjwa huu ndio adui mkubwa wa miche katika ubaridi na unyevu wa Julai.

Asiye na nafasi ndani na alifunike tuta kwa magunia au nyasi juu ya fito, yasiyagusе majani. Afunike mapema jioni, maana kifuniko huhifadhi joto lililopo. Hakiwezi kurudisha lililokwisha toroka.

Mwisho, miche iliyolala ndani isipelekwe shambani ghafula. Kwa muda wa siku saba hata kumi izoezwe kukaa nje, kwanza kivulini, kisha juani, na baadaye usiku pia ikiwa kuna mawingu. Hapo mvua itakapoanza, itakuta miche iliyo tayari, na mkulima naye atakuwa tayari.